Ni Mimi Niliyekunja Gasketi

Mpendwa binti yangu Cherono,

Chamgei, mtoto wangu. Sisi huku Kiptere tuko, kwa neema ya Mungu. Kogo, nyanya yako, anakusalimia sana. Goti linamsumbua baridi ikishuka lakini uji anamaliza, na anauliza kama huko Naivasha mnapata maziwa ya maana. Kaka yako Kibet anakusalimia. Mke wake anakusalimia, sasa ana mimba ya miezi saba na harufu ya kitunguu haitaki kabisa. Yule ng'ombe mwekundu alizaa ndama jike. Baba yako pia anakusalimia. Ndiyo, amesema kwa mdomo wake, nitafika hapo.

Najua utashangaa kuona barua na simu iko. Kwa simu nimejaribu. Kila nikikaribia, unaniuliza habari ya chai, na mimi nashukuru kwamba umeuliza chai.

Unakumbuka siku zile kabla ya koito ya Kibet, tulipokuwa tunajitayarisha kwenda kwa wakwe Chepseon kumposea mke? Ulikuwa umetoka tu chuo cha ufundi. Pikapu ilikuwa inalia tik tik tik asubuhi ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza, na baba yako akasema imejiponya. Ukamwambia haijapona, ni chuma imepanuka ikaziba mwanya. Ukanikalisha juu ya mtungi nikushikie mkebe wa nati, ukanifundisha kama mtoto wa nasari. Kwamba manifoldi ni yale mabomba ya chuma yanayokusanya moshi ukitoka kwa injini. Kwamba chuma kwa chuma haikaliani, lazima gasketi ilale katikati. Ulichukua kisu changu cha kukatia mboga ya sukuma ukakwangua mabaki ya gasketi ya zamani mpaka chuma ikang'aa. Mimi nikalilia kisu, wewe ukacheka.

"Mama, hapa pakibaki uchafu kidogo tu, moshi utapata njia."

Mvua ikatushika, ukasema utafunga kesho. Gasketi mpya ukaiacha mezani, imelala ndani ya karatasi yake.

Cherono, ni mimi niliyeikunja.

Watu wa ukoo walikuwa wanaanza kufika. Nikaona hicho kitu kirefu chenye mashimo katikati ya vikombe, nikaogopa kuku, nikaogopa chai imwagikie hapo. Nikataka kukiweka pale naweka vitu vya maana, kwa sanduku la bati pamoja na vyeti vyenu vya ubatizo. Hakikuingia. Nikakunja mara moja, polepole, vile nakunja leso. Asubuhi nikaitoa kabla hujaamka, nikainyoosha na pasi ya makaa juu ya blanketi, nikairudisha mezani. Kwa macho yangu ilikuwa imenyooka.

Wewe uliona. Uliiinua kwa mwanga wa mlango ukauliza, "Mama, kuna mtu ameshika hii?"

Nikasema, "Nani ashike? Labda ilitoka hivyo dukani."

Nilidhani ni kitu kidogo. Tena wageni walikuwa ndani na nilimwogopa baba yako. Ulipitisha kidole juu yake. Kurudi Kericho kununua nyingine ni mbali, na safari ilikuwa siku ya pili yake. Ukaifunga. Ulikaza nati ukianzia katikati ukienda pembeni, kidogo kidogo, ukawasha injini, ukaacha ipoe, ukakaza tena. Nilikuwa hapo. Hakuna kitu uliruka.

Kwa mlima wa Chepseon ikaanza kelele. Kogo alikuwa mbele na baba yako, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi, na moshi ukawaingilia humo. Tulimshusha akitapika, hajui tuko wapi. Baba yako mdogo akaanza mzaha wake, ati pikapu inakohoa kuliko mzee, ati fundi wake alisomeshwa na kuku. Watu wakacheka. Baba yako hakucheka.

"Umebaki kidogo uniulie mama," alisema, mbele ya ukoo wote. "Hizo spana usizishike tena kwa boma langu."

Uliniangalia. Mimi nilikuwa nampangusa Kogo mdomo, nikaendelea kupangusa.

Ukaenda Naivasha kukata maua. Hiyo ningeivumilia, kazi ni kazi. Lakini siku moja uliniambia kwa simu kwamba wewe hukuwa na mkono wa ufundi, ulijidanganya tu, na mimi nikanyamaza tena. Hiyo ndiyo inanila.

Huku nyuma baba yako mdogo alipaka manifoldi gundi kwa nje, ikatulia kidogo. Wiki iliyopita ikalia vibaya. Fundi wa hapa sokoni akaifungua, mimi na baba yako tumesimama. Akatuonyesha mstari mweusi kwa gasketi, pale moshi umekuwa ukipita. Akasema aliyeifunga anajua kazi, chuma imesafishwa na nati zimekazwa sawa, lakini gasketi ilikunjwa kabla, na ikishakunjwa ni ya kutupa, hata uipige pasi. Alikuwa anatania tu, hakujua.

Baba yako akauliza ni nani aliikunja. Nikasema ni mimi. Hapo hapo, mbele ya watu wa soko.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipofika mlangoni akasema tu, "Mwambie mtoto." Gasketi nyingine amenunua lakini amemkataza fundi kuifunga. Pikapu ilivutwa mpaka nyumbani, na majani ya chai tunabeba kwa mgongo hadi senta ya kuuzia chai, yeye pia, na umri wake huo. Anasema utaifunga wewe ama isimame.

Mimi sikulazimishi. Kama hutaki kuja, tutamwita yule fundi na hakuna mtu atakulaumu. Ukiwa na hasira na mimi, ni haki yako. Lakini usiseme tena hukuwa na mkono. Mkono ulikuwa nao. Mimi ndiye sikuwa na mdomo.

Barua hii nimempa binti wa jirani anayerudi huko Jumatatu, na Jumamosi anakuja tena. Mpe jibu, mtoto wangu, hata kama ni mstari mmoja wa kunigombeza. Usikawie.

Ni mimi niliyekukosea,
mama yako.