Kupokezana Upepo, Nyakato hadi Nyanguge

Jumanne, 10 Juni 2025

Kocha Machibya katuambia leo tukiwa bado tumeshikilia baiskeli kando ya lami, jasho halijakauka. Mkoa unapeleka mwanamke mmoja tu kwenye kambi ya timu ya taifa, Arusha. Mmoja. Atakayeshinda mbio za tarehe 28 ndiye huyo. Nyakato mpaka Nyanguge, kugeuza, kurudi.

Nina miaka thelathini na miwili. Mwakani sijui kama magoti yatanisikiliza. Hii naitaka. Naandika hapa kwa sababu nikiisema nyumbani mama mkwe ataanza ile habari yake ya mke wa mtu na taiti.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango umetoka na sijaupenda.

Kocha anasema kila mmoja akienda kivyake, wasichana wa Misungwi watatumaliza mapema. Kwa hiyo mimi na Specioza, mwenzangu wa timu, tupokezane upepo. Kwenda, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Kurudi, yeye mbele, mimi nyuma. Tukifika Igoma, karibu na kumaliza, kila mtu na miguu yake.

Kwa kusikia tu ni haki, nusu kwa nusu. Lakini asubuhi upepo unatoka huko huko tunakoenda, upande wa Magu, unakuja ziwani. Kwenda unaupokea kifuani. Kurudi unakusukuma mgongoni. Yaani mimi nachoka kwa ajili ya wawili, halafu yeye anaongoza kwenye mteremko wa hewa. Nikamweleza kocha. Akasema, Mama Queen, wewe ndiye mwenye mapafu, yule bado mtoto.

Mtoto ana miaka ishirini na mmoja.

Nimekubali. Mdomo umekubali.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimekwenda Butimba kwa shemeji yangu Luhende, anasomea ualimu wa fizikia pale chuoni. Nilitaka kujua kama nalalamika bure.

Hakunijibu kwa mdomo. Kanipeleka kwenye mteremko, kanipa chaki. Achia baiskeli ishuke yenyewe, usikanyage pedeli, weka alama utakaposimama. Mara ya kwanza nimekaa wima. Mara ya pili nimejikunja mpaka kidevu kinagusa usukani — nimepita alama ya kwanza mbali sana, baiskeli ile ile, mteremko ule ule. Mara ya tatu kaniambia nifunge kitenge, kile ninachotoka nacho nyumbani ili mama mkwe asione taiti. Kinapepea, kinanivuta nyuma. Nimesimama hata alama ya kwanza sijafika. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini.

Halafu kashuka yeye mbele, mimi nimeganda kwenye tairi lake la nyuma. Kufika chini nakamata breki nisimgonge! Anasema wa mbele anaipasua hewa, inavurugika nyuma yake, na wewe unapita kwenye uwazi huo kabla haijajifunga. Na ubaya wake ni kwamba nguvu ya hewa haipandi taratibu. Ongeza mwendo mara mbili, hewa inakukatalia mara nne.

Kasema pia hata wa mbele anafaidika kidogo akiwa na mtu karibu nyuma. Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema kidogo sana.

Basi silalamiki bure. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumatano, 18 Juni

Ingekuwa rahisi kama Specioza angekuwa na roho mbaya. Hana. Leo kaniletea kahawa ya kutafuna, mama yake kaituma kutoka Bukoba. Tumetafuna tukingoja kocha. Bado mgeni hapa, toka Februari. Akitoka mazoezini anakimbilia saluni Mabatini, anasuka watu mpaka jioni. Mwanza anayoijua yeye ni ya alfajiri tu, na ya ndani ya saluni.

Kaniuliza mwanangu Queen anaendeleaje na jino. Mimi sijui hata mama yake anaitwa nani.

Jumanne, 24 Juni

Mazoezi ya mwisho ya nguvu. Kwenda, upepo kifuani mpaka Kisesa na zaidi. Nageuka namwona Specioza nyuma yangu, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Kwa pua! Mimi nimeachama.

Ijumaa, 27 Juni

Nimesafisha mnyororo. Nimekula ugali mapema. Kuanza ni saa mbili kamili asubuhi, wamesema.

Jumamosi, 28 Juni

Nipo Nyakato, chini ya turubai. Saa nne sasa. Hatujaanza. Mgeni rasmi hajafika na bendera lazima ashushe yeye, hakuna mwingine anayeruhusiwa hata kuigusa. Kila nusu saa Emsii anasema yuko njiani. Ngoma zimeshapigwa, wachezaji wameshachoka. Wasichana wa Misungwi wamelala kwenye mkeka. Specioza naye kalala, miguu ameiegemeza kwenye kiti.

Saa sita. Upepo umekufa. Vumbi linasimama lilipo.

Saa saba na kitu. Nimeona bendera za wadhamini zikijitikisa, nikadhani gari limepita. Halafu zikageuka zote. Sasa upepo unatoka ziwani, na una nguvu, turubai linapiga kelele. Ni ule wa kila mchana, anayeanua nguo Mwanza anaujua. Tukianza sasa, kwenda utatusukuma mgongoni mpaka Nyanguge. Kurudi wote ni wa kifua. Na kurudi anaongoza Specioza.

Nimeliwaza hili. Kocha yuko meza kuu anabishana na waandaaji, jasho linamtoka, hajatazama juu. Ningeweza kumfuata. Lakini nilishamweleza upepo siku ile, akanijibu mapafu. Na alisema kwenda na kurudi, hakusema upepo uwe wa nani. Mimi sijageuza kitu. Nitafanya nilichoambiwa, neno kwa neno, na nitafika Igoma na miguu mizima.

Najiona ninavyofurahi. Inanitia aibu na bado nafurahi.

Ving'ora. Magari yanaingia. Watu wote wamesimama.

Specioza ameamka, kaja kuchuchumaa hapa anafunga kamba za viatu. Anasema taratibu, wengine wasisikie. Dada, najua kwenda ndiko kugumu, nilikuwa natafuta nafasi ya kukwambia. Asante kwa kunibebea upepo.

Nimemwambia usijali, mdogo wangu.

Kocha anatuita mstarini. Specioza ameshaisogeza baiskeli yangu, ameishika usukani, ananingoja nimalize kuandika.