Doa Jekundu la Mzee Mutua

Kendi mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu wote hapa Rooty Hill. Shangazi yako kapata zamu za mchana, sasa angalau tunakula pamoja.

Umeniuliza kama ni kosa lako bunduki yako ya mashindano kupeleka risasi kushoto. Kabla ya kujilaumu, kagua skrubu za darubini iliyo juu yake. Nilipokuwa kijana hapa Sydney, yangu ilifanya hivyo hadi klabu ikataka kunitoa kwenye timu. Nikampelekea Mzee Mutua, fundi wetu kule Ingleburn, ndiye aliyenifungia darubini hiyo. Kila skrubu aliyoikaza aliitia doa la rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, ili ikisogea ajue. Akagusa ya darubini. Ilicheza, na haikuwa na doa.

Chupa ya rangi ilikuwa mezani, nami nilikuwa naangalia dirishani. Angeweza kuikaza na kuipaka, nisijue lolote.

Jumamosi alisimama mbele ya klabu nzima, kanyoosha mkono kama mtoto darasani. "Kijana huyu anapiga vizuri. Skrubu niliisahau mimi."

Medali nilizopata baadaye sijui ziko wapi. Mkono ule nauona mpaka leo.

Babu yako