Uso wa Ndirangu

Mugutha, Ruiru

Kwako Baba,

Natumai uko mzima, na kwamba kifua cha Mama kimetulia. Mvua imeshafika huko Ol Kalou? Sisi huku tunasukuma maisha tu. Sikupiga simu kwa sababu wewe kwa simu ni "eeh" na "haya", halafu umekata. Tena chumba changu ni kimoja, na Ndirangu anasikia kila neno.

Mama ameniambia ulirudi kutoka kutuona ukiwa na hasira, eti ulikaa mbele ya mwanao Ndirangu naye akakukazia uso. Baba, hajanuna. Daktari wa Thika alinionyesha picha ya kichwa chake, ina madoa mawili ndani ya ubongo, moja kila upande. Ile pombe waliyokunywa na wenzake wa kazi ya mjengo huko Gatuanyaga ilitiwa methanoli, spiriti ya viwandani. Ikiingia mwilini inageuka sumu. Ilimharibia mishipa ya macho, na zile sehemu za ubongo zinazoongoza mwili. Kesho yake asubuhi aliniuliza mbona sijafungua dirisha, na jua lilikuwa limejaa chumbani.

Macho hayatarudi. Siku hizi anaburuta miguu, mkono unatetemeka akishika kikombe, sauti imefifia, na uso hausogei. Yeye aliyekuwa akichekesha watu hata matangani. Inaniuma sana. Juzi nilimsimulia kisa cha mama mwenye nyumba na jogoo wake, nikaona ametulia tu. Kisha akasema, "Hapo nimecheka, Wambui."

Na wewe siku ile ulipokuja ulikaa kimya. Najua ulimtikisia kichwa, pengine hata ulimtabasamia. Hakuona. Ulipoondoka aliniuliza, "Mzee bado amenikasirikia?"

Nitamleta nyumbani mwisho wa mwezi, maana siwezi kumwacha peke yake nikienda kushona kiwandani. Anaogopa kuja. Nakuomba, ukisikia gari, toka mpaka langoni umwite kwa jina. Ongea, Baba, hata kama ni habari za ng'ombe. Usitafute jibu usoni mwake, mshike mkono.

Msalimie Mama, na shangazi anayeuza maziwa, na jirani yetu mzee wa kanisa.

Ndirangu ameketi hapa kando yangu. Ameuliza naandika nini, nikamwambia ni barua yako. Amesema nikusalimie, tena nikuandikie kwamba anatabasamu.

Mimi binti yako,
Wambui