Mawe Yao, Mugumo Wetu

Thika, Jumapili, Julai 1951

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Niko kwa dada yangu Wambui. Sina kazi.

Sijutii.

Acha niandike sasa, kabla watu hawajaanza kuisimulia habari hii vingine.

Nimekuwa yaya wa watoto wa Bwana mwenye shamba la kahawa huko Ruiru tangu yule wa kwanza azaliwe. Mwaka jana walipoenda likizo kwao Uingereza, walinichukua nimlee mdogo. Bwana aliazima gari la kaka yake, tukazunguka mashambani, mvua ikinyesha, watoto wakitapika, Memsahib, mkewe, ameshika ramani kichwa chini miguu juu. Walikuwa wakitafuta mambo ya kale. Kila tulipofika, mimi niliambiwa nibaki garini.

Siku moja nilichoka. Kupitia kioo niliona mawe marefu kuliko nyumba, yamesimama kwa duara kwenye majani. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikashuka, nikapanda kilima. Bwana aliponiona alifura kwa hasira.

"Mimi nasema kaa gari!"

"Mtoto ameamka, Bwana. Na hapa ni kwao."

Niliweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa baridi, kama jiwe lolote la mto Chania. Lakini Bwana alikuwa amevua kofia. Aliwaambia watoto, kwa sauti ya kanisani, kwamba watu wa kale walikusanyika hapo kuomba, na hakuna anayejua walimwomba nani. Tulipokuwa tukirudi akatuonyesha kilima kidogo katikati ya shamba la ngano, kaburi la mzee wa zamani sana. Trekta ilikuwa imelima ikalizunguka. Mwenye shamba alikubali kukosa ngano kwa ajili ya mtu asiyemjua hata jina.

Siku hiyo niliipenda ile nchi. Nasema kweli.

Ndiyo maana Alhamisi sikuamini masikio yangu. Nilikuwa napeleka chai barazani, nikamsikia Bwana akimwambia Memsahib kwamba mugumo, ule mti wa matambiko ulio karibu na mto, utakatwa Jumamosi, anataka kupanda kahawa pale. Chini ya mugumo ule babu yangu na wazee wenzake walichinja kondoo kuomba mvua, kabla ya shamba kuitwa la Bwana. Mimi ni Mkristo, siuombi mti. Lakini babu namjua jina.

Nikaweka trei chini.

"Bwana, kule kwenu ulivua kofia."

Alielewa mara moja. "Ile ingine. Ile ni historia. Hii ni mti tu."

"Na yale yalikuwa mawe tu."

Memsahib aliangalia kikombe chake. Bwana akasimama, shingo nyekundu. "Wewe nataka kazi ama nataka maneno?"

"Kazi naitaka. Lakini Jumamosi nitakuwa chini ya mugumo."

"Basi enda. Enda sasa hivi."

Nikaenda. Sikuruhusiwa kumuaga mdogo, ambaye alikuwa amelala. Hilo linaniuma, sitajidanganya.

Nilikimbilia kwa mama Gitothua, na jana tukatoka pamoja na shangazi zangu wawili, tukaketi kwenye mizizi. Mama alikuja na kiondo anachosuka, kana kwamba amekuja kumsalimia jirani. Wakataji wakafika na mashoka. Ni watu kutoka magharibi mwa Kenya, hawana undugu wowote na mti huo. Kiongozi wao, Wafula, alivua kofia akamwamkia mama.

"Mama, tafadhali ondokeni. Sisi tumetumwa tu."

Mama hakuinua macho. "Kwenu hakuna mti kama huu?"

Wafula aliutazama mti kuanzia mizizi mpaka matawi.

"Upo," akasema. Akawageukia wenzake. "Siwezi. Hawa ni mama zetu."

Bwana alikuja na gari, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Hakuna aliyeshika shoka. Mwishowe aliondoka akiapa kwamba Jumatatu ataleta watu wengine, pamoja na polisi.

Jioni nikaja hapa Thika kumweleza Wambui. Amenigombeza tangu tutoke kanisani. Eti nani katika Thika nzima ataajiri yaya mwenye mdomo kama wangu? Eti nimewaingiza wazee kwenye shida kwa ajili ya majani na matawi. Labda ni kweli. Usiku sikulala vizuri. Nawaogopa polisi, na zaidi namwogopea mama.

Lakini nitatoka hapa alfajiri, nirudi chini ya mugumo. Wanaweza kuukata, nguvu wanazo. Wakiukata, wataukata tukiwa tunawatazama, na Bwana atatuambia mbele ya watu ni kwa nini wa kale wake ni wa kale na wetu si kitu.

Wambui amenyamaza sasa. Namsikia uvunguni mwa kitanda, anatafuta viatu vyake vya safari.