Usiseme Tumefika

3 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Jumanne gari letu la wagonjwa lilimbeba mzee wa kifua. Alinishika kidole njia nzima. Tulipoliona geti la hospitali nikamwambia, "Tumefika, babu." Akaniachia kidole. Mlango ulipofunguliwa, alikuwa ameshakwenda.

Wewe ulinifundisha, na kituo kizima wanaijua kanuni yako: ndani ya gari hatusemi "tumefika", mgonjwa atajiachia. Nilisahau, Bibi. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Mwisho wa mwezi naikabidhi.

Nisamehe.

Mjukuu wako

11 Machi

We mtoto,

Marahaba. Goti liko pale pale, liache. Unakula? Najua huli. Kula kwanza ndio usome.

Umemaliza? Haya. Miaka thelathini na moja nimepanda gari la wagonjwa. Niliingia nikiwa wa kuliosha, na darasa langu la nne, mpaka siku mhudumu hakuja wakanirushia glavu. Mpaka leo king'ora kikipita barabarani, mkono wangu unatafuta pa kushika. Harufu zote ninazo: dawa ya sakafu, mpira wa machela uliopigwa na jua, na jasho la dereva wangu tuliyemwita Breki, kwa kuwa hakuwahi kuzikanyaga. Nilikuwa mtu, bwana! Sasa nagombana na kuku.

Sikiliza, na usicheke. Kanuni ile haina kifo ndani yake. Ilianzia kwa mama mjamzito. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia, "Tumefika, mwanangu, jikaze kidogo tu." Alichosikia yeye ni tumefika. Akasukuma hapo hapo getini, mtoto akanidondokea mapajani. Sare yangu mpya, tena moja tu niliyokuwa nayo, kwisha! Breki alicheka mpaka gari likamzimikia. Nikaapa: neno hilo, basi.

Walipokuja vijana wa chuo wakaanza kunong'ona kwamba bibi anajua siri za roho. Wakaandika kwenye vijitabu vyao. Maneno yangu mimi, wa darasa la nne! Nikawaacha waandike. Raha niliyoipata siwezi kukueleza. Na wewe nikakudanganya vilevile, kwa kunyamaza.

Mzee wako moyo ulimkatalia. Neno halikumuua. Wasomee wote kituoni barua hii, wanicheke wakitaka. Ukiacha kazi, acha kwa sababu zako, si kwa uongo wangu.

Bibi yako

9 Aprili

Mjukuu wangu,

U mzima? Mwezi umekwisha na hujasema kitu. Umeikabidhi ile barua? Kama umeikabidhi, njoo, chumba nimekifagia na sitakugombeza. Nilikukosea. Nalisema mara hii moja, usinizoeze.

Andika hata mstari.

Bibi yako

17 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Sikununa, zamu zimebana, wenzangu wawili wanaumwa. Barua yako niliisoma mbele ya wote. Walicheka mpaka mkuu wa zamu akafuta machozi. Alisema miaka kumi na miwili hajathubutu kulitamka neno lile akiwa garini. Yule mzee bado ananijia nikinawa mikono, sikufichi. Lakini jana

20 Aprili

Bibi, shikamoo.

Huu ni mwandiko mwingine, usishtuke, mjukuu wako ni mzima. Mimi ni dereva wake. Hii barua imekaa mezani siku ya tatu: kila akishika kalamu tunaitwa. Nimechoka kuiona, naipeleka posta hivi hivi.

Ukiniuliza habari zake sitajua kupamba, mimi ni mtu wa usukani. Ila kila tukiitwa natoka mbio, na kila nikifika garini namkuta ameshakaa, mkanda kafunga, ananifokea kwamba nachelewa.

Mwanao wa usukani