Kibuyu Nilichokisugua

Salaam aleikum, mjukuu wangu Halima.

Hapa Bulla Pesa tuko wazima, ila babu yako bado anagombana na paka.

Umeniuliza utafanyaje ukifika Japani ukakosea mbele ya Wajapani. Mimi Mmeru, nilipoolewa kwa Waborana kule Kulamawe, nilikuta kibuyu cha maziwa kimejaa weusi wa moshi ndani. Nikakisugua kwa sabuni, nikangoja sifa.

Mama mkwe akakinusa. "Bibi arusi, umeosha mpaka utamu."

Kumbe moshi ule ndio dawa ya maziwa, huyatia utamu na kuyazuia yasiharibike. Nikamwambia, "Basi nifundishe, mama."

Mwaka uliofuata wageni walikunywa, wakauliza nani amefukiza kibuyu hiki.

"Binti yangu," akasema. Hakusema mkwe.

Panda ndege, Halima. Wajapani bado hawajui nani anakuja.

Nyanya yako