Wiki Sita Bila Barua

Bahir Dar, 4 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo.

Mimba imefika wiki ya kumi. Daktari alinishika shingo, akauliza kama kwetu kuna mwenye rovu, uvimbe wa shingo. Nikamwambia yupo, ni wewe mama yangu. Damu imeonyesha homoni ya tezi ya shingo iko chini, nimepewa vidonge vya kumeza asubuhi kabla ya kula. Anasema wenye hali hii baadhi yao hupata pia kisukari cha mimba, kwa hiyo Januari watanipima sukari.

Mama, naogopa nisije nikampoteza na huyu kama yule wa kwanza.

Mwanao,
Wubalem

Dangila, 19 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, silisikilizi.

Sijawahi kukwambia hili. Kabla yako nilizika wawili. Bibi yako alisema ni jicho baya, nami nikaamini. Hakuna aliyenipima hata mara moja. Wewe umepimwa. Meza hivyo vidonge, usiruke hata siku moja.

Mama yako

Bahir Dar, 30 Januari

Mama,

Shikamoo. U mzima?

Shingo imetulia, lakini sukari imepanda. Walininywesha maji matamu ya kutapisha, wakanitoboa mara tatu. Sasa injera ni nusu, mboga kwa wingi, na kila baada ya chakula mume wangu Getinet ananitembeza kama mfungwa. Sukari isiposhuka, nitachomwa sindano.

Mwanao

Dangila, 14 Machi

Wubalem,

Hujambo mwanangu? Wiki sita huandiki. Kwaresima imeingia, padri amesema mwenye mimba hafungi, kwa hiyo usisingizie kufunga. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni mbaya.

Mama yako

Bahir Dar, 29 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Kila nilipoketi kuandika, niliogopa kukutumia habari ambayo kesho yake ingegeuka.

Sukari ilishuka kwa chakula na miguu tu. Jumamosi nimejifungua msichana, kilo tatu na robo. Wakamtoboa kisigino kupima sukari, ni nzuri. Yangu pia imerudi kawaida, ingawa nitapimwa tena baada ya wiki sita. Nilimuuliza daktari, “Kwa hiyo imekwisha?” Akacheka: “Kazi ndiyo kwanza imeanza. Mlee.”

Getinet anakuja kukuchukua Alhamisi. Daktari anataka kukupima shingo na wewe, nimeshakuandikisha.

Mtoto analia, mama, kwa sauti kubwa kabisa. Nimeweka kalamu chini mara mbili nimsikilize tu.

Mwanao